Miti Iliyoinamia Shimo

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ulimi wangu haujui kuanza nawe kwa njia nyingine.

Ni mimi, Skola. Padri aliniambia mtu asiye na kaburi la kwenda kupalilia, na aandike. Wewe hatukukutoa shimoni, Baba. Wenzako walichimba mpaka mvua ikawafukuza, udongo ukazidi kushuka, na mwisho Padri akapanda mlimani kule Mahenge akabariki mahali pale. Tukarudi Ifakara tumebeba suti yako ya kanisani ambayo hatukuwa na wa kumvika.

Mambo yamebadilika. Barabara ya kutoka Kidatu ni lami sasa, na akina mama wanaouza ndizi pale Mkula wanalalamika kwamba magari yanapita kama upepo, hayasimami. Mama bado analima mpunga Namawala. Ila mvua ikianza kunyesha huweka chini chochote alichoshika, akakaa. Tumezoea kumwacha. Fulgensi, mwanao, ameoa, na mkewe ni mjamzito.

Mimi bado niko kwenye kitalu cha mitiki. Na mwaka huu, Baba, walinipeleka Uswidi kujifunza namna wenzetu wanavyokuza miche. Ungecheka kuniona kwenye lile koti walilonipa, kama gunia la pumba lenye mikono.

Sikujua wananipeleka kwenye nchi ya wachimbaji. Niliambiwa ni msitu, na kweli ni msitu, misonobari mpaka macho yachoke, na miti mingine yenye magome meupe kama karatasi. Kimya chake hakikuwa kimya cha msitu wa kwetu. Hakuna ndege anayegombana na mwenziwe, hakuna nyani, hakuna hata mdudu wa kukuudhi. Nyumba zao ni nyekundu, wekundu wa damu iliyokauka. Niliuliza rangi hiyo inatoka wapi, wakanijibu inatoka kwenye mabaki ya mgodi wa zamani. Tangu hapo kila nyumba niliyopita niliiona kama imejitokeza kutoka chini ya ardhi.

Siku moja ya mapumziko mzee mmoja mlinzi wa kitalu, jina lake Gunnar, aliyefanya kazi mgodini ujanani, alinichukua kutembea. Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, changu na chake. Tulikuwa tunachuma matunda madogo ya buluu yanayoota chini ya miti nilipoona waya umezungushiwa mahali, na kibao chenye picha ya mtu anayeanguka. Nyuma ya waya palikuwa na shimo, Baba. Refu, kuta zake mwamba mtupu, na chini maji meusi yasiyotikisika. Mbele kidogo lingine. Na lingine. Msitu wote ule umesimama juu ya mashimo. Gunnar akasema njia za mgodi zinapita chini ya barabara, chini ya kanisa, chini ya kitanda chake.

Nikamwambia, "Lakini si walishaacha kuchimba?"

Akasema, "Sisi tuliacha. Ardhi haijaacha."

Akanionyesha. Misonobari ya pembeni ya lile shimo haikusimama wima. Ilikuwa imeinama, yote, kulielekea shimo, kama watu wanaochungulia ndani. Akasema chini ya miti ya namna hiyo udongo umeshaanza safari, hata kama mguu wako hausikii. Akanionyesha ufa kwenye majani, umepinda kama mundu, unalizunguka shimo. Alinishika mkono akanirudisha nyuma, taratibu, na matunda yangu yakamwagika yote.

Nilikukumbuka. Nilikumbuka ulivyorudi nyumbani siku ile na kijiwe chekundu, ukaniwekea mbele ya jicho, ukanigeuza kuelekea jua, ukasema, "Angalia Skola, kuna moto ndani." Na ulivyosema ukinawa, bila kumtazama yeyote, "Ule mlima una subira kuliko sisi." Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake. Mimi nilidhani unatania.

Niliporudi Ifakara nilimkuta Mama peke yake. Nikasalimia, nikauliza, "Fulgensi yuko wapi?"

Akasema, "Amekwenda kwa baba yenu."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Nilidhani amekufa. Mama hakunyanyua uso, akaendelea, "Amefungua duara lake. Karibu na lile la baba yako." Duara, lile neno lenu la shimo la uchimbaji. Sikuwa nimelisikia nyumbani kwetu tangu ulipoondoka.

Kesho yake nilipanda gari la Mahenge, nikamalizia kwa miguu. Nilimaliza kilima nikaona miti kwanza, kabla sijaona watu. Miombo mitatu juu ya shimo la Fulgensi ilikuwa imeinama. Baba, niliijua ile namna ya kuinama. Nilitafuta ufa, nikaupata kwenye nyasi, umejipinda vile vile. Nilipoingiza vidole hewa ya baridi ilinipiga usoni. Na ule ufa haukuanzia kwake. Ulianzia upande wako.

Nikamwita. Sauti yake ilikuja kutoka mbali chini, ndogo, ya furaha. "Dada! Umetuletea nini kutoka Ulaya?"

"Panda juu."

"Ngoja nimalize hapa."

"Fulgensi, panda!"

Alipanda, mweupe kwa vumbi, amekuwa na mabega yako. Nilimweleza kuhusu miti, akacheka. "Umekaa huko mwezi mmoja umekuwa mganga?" Akasema matimba yake ya kushikilia kuta ni magogo mazima, si vijiti kama vyako, akasema mtoto anakuja na mpunga haulei mtu. Nilimshika mkono nikauingiza kwenye ufa.

Mkono wake ulizama mpaka karibu na kiwiko. Kisha akasema polepole, si kwangu, "Juzi hapa kilikuwa kidole tu."

Alikusanya sururu na kamba. Njia nzima hakuniongelesha, na tulipofika nyumbani hakumwongelesha mtu. Alikaa uani siku baada ya siku kama mtu aliyefiwa. Mkewe alinitazama kama mwizi. Mama peke yake ndiye aliyemwekea chakula mbele yake akasema, "Kula, baba," akamgusa kichwa.

Nilidhani yameisha. Lakini shimo likiachwa wazi halikosi mtu. Jana tulisikia kwamba wachimbaji watatu wageni wameliona liko tupu, wameingia. Nilimpigia mwenyekiti wa kijiji cha kule mlimani, akasema, "Tumekusikia, dada." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga mlango.

Na asubuhi hii wingu limelala upande wa Mahenge, zito, limefika chini. Bado hainyeshi hapa. Kule inanyesha.

Fulgensi ametoka chumbani amevaa buti. Mama amesimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, amemzibia. Nimemsikia akimwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama, wale jamaa hawaujui mlima. Wakiambiwa na mtu wa mjini watacheka, kama nilivyocheka mimi. Mimi watanisikia. Niliingia humo." Kisha nimemwona Mama anashusha mikono yake.

Nimemwambia Fulgensi anisubiri nimalize mistari hii, twende wote. Nasikia anawasha pikipiki.

Baba, sijui kama mahali ulipo mtu anaweza kuzuia kitu. Kama anaweza, zuia kidogo tu, mpaka wapande. Mimi nakuahidi hili: Fulgensi hatapita ile miti. Atawaita akiwa nyuma ya miti hiyo, nami nitamshika shati. Wakitoka, tutalifukia lile shimo kwa mikono yetu. Na wasipotoka, sitamwacha awafuate, hata akinichukia maisha yake yote. Wewe mmoja unamtosha Mama.

Pumzika, Baba. Usimwite.

Mwanao,
Skola