Kwa Nini Sifumbi Macho Kwenye Sala

Kamwene, salamu mjukuu wangu Tumaini,

Huku Kalenga tu wazima. Goti la bibi yako limetulia, jana kapalilia mahindi mpaka mchana.

Umeuliza kwa nini sifumbi macho kwenye sala. Nakujibu sasa kwa kuwa umeanza ufundi wa ndege, kazi yangu ya ujanani.

Tulikuwa Madibira na ndege ndogo ya misheni, tumemfuata mama mjamzito wa kuwahishwa hospitali Iringa. Rubani alilalamika usukani mzito, nikafungua mkia, nikarekebisha nyaya, nikafunga. Mchungaji wa pale akaanza kuombea safari, wote tukafumba macho. Katikati ya sala nikapapasa mfukoni. Spana namba kumi haikuwepo.

Nilijua nimeiacha wapi. Lakini nani amkatize mchungaji akiomba? Nikajiambia nitasema baada ya amina. Amina ikaja, rubani akawasha injini hapo hapo, nikapiga kelele asinisikie. Ndege ikaanza kutembea. Nikakimbia nikasimama mbele yake, mikono juu, propela ikivuma karibu na uso wangu.

Akazima, akashuka akinifokea. Nikafungua mkia. Spana ilikuwa imelala juu ya waya wa usukani, tayari kuukwamisha tukiwa angani.

Mchungaji alisema Mungu amejibu sala. Sibishi. Ila mimi ndiye niliyenyamaza mpaka amina, na hadi leo nikisikia "tuombe", mkono unakwenda mfukoni wenyewe na macho yanabaki wazi.

Babu yako