Redio Isiyolala

Jumanne, 8 Julai

Maji sawa. Oili sawa. Tairi la nyuma kulia limepungua upepo, nimejaza. Baridi ya asubuhi imenipasua midomo.

Redio mpya bado inasumbua. Ni ile ya kioo kikubwa, yenye ramani, aliyoileta Feisal kutoka Dar. Feisal ni mtoto mkubwa wa tajiri wangu. Fundi Credo aliifunga Jumamosi kwenye dashibodi ya pikapu. Sikuwepo. Feisal alinituma sokoni kununua turubai, wakati turubai tunalo ghalani. Niliporudi, kazi ilikuwa imekwisha. Muziki unapiga. Kamera ya nyuma inaonyesha. Ramani ndiyo haitaki. Inaandika kwamba inatafuta mahali tulipo, na inatafuta kutwa nzima.

Mimi najua nilipo. Lakini kitu kikishawekwa kwenye gari ninaloendesha, lazima kifanye kazi yake. Nitakiangalia.

Jumatano, 9 Julai

Gari halikuwaka. Nikigeuza swichi, tik, basi. Betri imekufa, na ni betri mpya. Mlinzi na wapakiaji wa dukani wamesukuma mpaka barabarani, pumzi zinawatoka kama moshi.

Mzee Swedi, tajiri, alisimama barazani, koti juu ya kanzu.

"Deo, uliacha taa?"

"Hapana, Mzee."

Alikwenda kuziangalia taa mwenyewe.

Miaka kumi na moja namwendeshea. Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Jioni nimechomoa waya mmoja wa betri kabla ya kwenda nyumbani. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimerudisha waya wa betri, gari limewaka mara moja. Kwa hiyo betri ni nzima na kuna kitu kinakula umeme usiku. Hilo sasa nina uhakika nalo.

Kabla sijatoka Feisal akaja. Shikamoo, marahaba. Kisha: "Mjomba, kwa nini ulichomoa betri jana? Usichomoe tena, unaharibu mipangilio ya redio." Nikasema sawa. Nimeendesha njia nzima nikijiuliza ameambiwa na nani. Uani hakukuwa na mtu.

Safari ilikuwa ya Muze, kuchukua mchele. Juu ya mteremko nilisimama kupoza breki, nikafungua kisanduku cha mbele ya abiria na kupapasa nyuma yake. Antena ya ramani ilikuwa imesukumwa chini ya chuma. Haiwezi kuona mbingu pale. Nimeihamishia juu, karibu na kioo, nikaibana kwa tepu. Haikuchukua muda, ramani ikatuona. Mshale mdogo wa bluu pembeni mwa milima ya Lyamba lya Mfipa, na kona zote za mteremko zimechorwa. Nilifurahi, nakiri.

Kuna sauti ya mwanamke inayoelekeza. Kiswahili chake kimenyooka mno. Tulipofika Muze akatangaza kwamba tumefika. Mama Kulwa, yule Msukuma anayetuuzia mchele, akachungulia dirishani.

"Baba Leo, umeoa mke wa pili ukamficha kwenye redio?"

"Huyu haombi vitenge," nikamjibu.

"Subiri akuzoee!"

Walicheka mpaka wapakiaji wakaweka magunia chini.

Mzee Swedi akapiga simu kama kawaida. "Umefika? Pole na mteremko." Hajawahi kuacha kupiga, tangu mwaka wa kwanza, kila safari. Hata nilipokwenda siku mke wake amelazwa, alipiga. Baada ya ile ya taa, nilishukuru kuisikia sauti yake.

Ijumaa, 11 Julai

Limekufa tena. Nilitii, sikuchomoa betri, na limekufa.

Feisal alisema mbele ya wateja, "Labda mjomba huwa anarudi usiku kusikiliza taarabu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nina umri wa kumzaa.

Mzee Swedi aliniita ndani. Hakupandisha sauti. Jumatatu kuna mzigo wa bandari ya Kasanga: sabuni na sukari, unavuka kwenda Kongo, na boti haitusubiri. Gari lisipowaka Jumatatu, atamwomba mtu mwingine aliendeshe, "kwa muda, tuone." Najua maana ya "tuone." Dereva aliyekuwepo kabla yangu aliambiwa "tuone."

Nimechoka. Sina ugonjwa, nimechoka tu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeomba siku nzima na gari. Nimeazima mita kwa Credo.

Nimezima kila kitu, nimefunga milango, nimeiunga mita kwenye betri. Umeme unatoka, na mwingi. Nikaanza kuchomoa fyuzi, moja moja, narudisha, naenda nyingine. Taa, hapana. Honi, hapana. Waipa, hapana. Fyuzi ya redio: mita ikaanguka karibu na sifuri.

Nikafungua dashibodi. Redio hizi zina nyaya mbili za umeme. Wa njano unabaki na umeme wakati wote, kazi yake ni kutunza kumbukumbu. Mwekundu unatakiwa upate umeme swichi ikiwashwa tu. Zote mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja na kufungwa kwenye waya wa wakati wote. Kioo kinazimika, lakini redio yenyewe hailali. Usiku kucha inakunywa betri.

Nilidhani nimemaliza. Kisha nikaona waya wa tatu kwenye msokoto uleule. Nikaufuata kwa kidole mpaka nyuma ya hita. Kuna kisanduku cheusi kidogo, kimefungwa vizuri, kina laini ya simu ndani.

Traka: kifaa kinachomwambia mwenye gari liko wapi, na umeme ukikatwa.

Nilikaa kwenye kiti cha abiria. Nikaelewa turubai. Nikaelewa nani alimwambia Feisal kuhusu betri.

Niliporudisha mita nilimuuliza Credo. Alikuwa anafuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Kaka, mimi nimeagizwa. Walitaka gari lionekane hata likizimwa. Nikaona niunge vyote mahali pamoja, yaishe." Kisha akasema, "Wameambiwa unauza mafuta njiani."

Sikuuliza na nani. Sijawahi kuuza hata lita moja.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nilikuwepo mwili tu.

Mama Leo, mke wangu, nilimwambia tukiwa tunakula. Alitafuna, akasema, "Kata huo waya. Sema panya."

"Panya gani anakata waya mmoja, tena kwa koleo?"

"Panya wa Sumbawanga. Amesoma."

Tulicheka, kisha hatukucheka. Anaogopa. Mwanetu Leo yuko shuleni na mimi sina kazi nyingine.

Mchana wote nimeliwaza. Gari ni la Mzee Swedi. Ana haki ya kujua liko wapi. Angeniambia, ningemshikia tochi Credo akiifunga traka. Kilichoniuma ni turubai.

Nikikata, nimewathibitishia. Nikiacha vilivyo, gari linakufa na kazi inakwenda.

Alasiri nimerudi kwenye gari. Waya mwekundu nimeuhamishia kwenye swichi. Wa njano nimeuacha. Wa traka nimeuunga upya, peke yake, kwa fyuzi yake ndogo, maana Credo hakuiwekea na ingeweza kuwasha moto. Nimefunga tepu. Nimerudisha kisanduku palepale nyuma ya hita. Mita inasoma kidogo sana. Betri itaweza kulala na hicho.

Nikaenda barazani. Nikamwambia Mzee Swedi, "Waya wa redio uliungwa pabaya, nimerekebisha. Kile kingine nimekiacha kinafanya kazi."

Alikuwa na tasbihi. Vidole vikasimama. Akaniangalia, halafu akaangalia barabara. "Ahsante, Deo." Vidole vikaendelea.

Nilingoja aseme neno jingine. Nikaaga.

Jumatatu, 14 Julai

Limewaka kwa mguso mmoja, baridi ilivyo. Wapakiaji wakapiga makofi. Feisal hakuwepo.

Njia nzuri. Nimesimama Matai kunywa chai, kisha kushuka mpaka ziwani. Mzigo umeingia kwenye boti wote, boti imeondoka na sabuni na sukari yetu. Kazi ninayo. Hilo lilipaswa kunitosha.

Nimekaa kwa mama lishe pale bandarini, wali na samaki wa mgebuka, simu nimeiweka mezani mbele yangu. Nimekula polepole. Nimeongeza chai. Simu haikulia. Nikaiangalia kama ina mtandao. Unao, umejaa.

Nikapiga mwenyewe.

"Mzee, nimefika."

"Naona, Deo. Naona uko bandarini."

Nadhani naye alisikia alichosema. Akauliza kama samaki wapo, nikasema wapo, akasema nilete. Hakusema pole.

Jumanne, 15 Julai

Maji sawa. Oili sawa. Matairi sawa. Limewaka.

Muze tena, mchele. Ukungu juu, jua chini. Breki nimepoza mahali pale pale.

Mwanamke wa kwenye redio akasema nimefika. Nikageuza swichi. Kioo kikawa cheusi, redio ikalala kama inavyotakiwa. Nikateremka kuhesabu magunia.