Ruhusa ya Chumba Kilichoanguka

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Nimefagia uwanja, nimechemsha chai, nimerudi ndani. Eda haijaisha. Shemeji Yusufu, mdogo wa mume wangu, alipita asubuhi. Yeye barazani, mimi nyuma ya pazia, kama kawaida. Naona viatu vyake tu. Nilimuuliza ruhusa ya kujenga imefika wapi.

"Bado, shemeji. Pale ofisi ya zoni wanasema turudi wiki ijayo."

Wiki ijayo hiyo naisikia tangu Julai.

Chumba cha nyuma kilianguka na mvua za Aprili, mume wangu Hamisi akiwa hai. Alisema atakijenga akirudi kutoka Cibitoke. Gari alilopanda lilishambuliwa njiani. Sasa pale pana turubai, na nyuma ya turubai ni barabara. Mimi na wasichana wangu wawili tunalala sebuleni. Milio ya bunduki ikianza tunashuka sakafuni.

Alhamisi, 4 Septemba

Jirani, Mama Zaina, kaleta bakuli la sombe. Alikaa sana. Amemuona Yusufu kwenye ofisi ya zoni, anacheka na karani.

"Mutu anatafuta ruhusa ya mjane, anacheka nini? Na we una wasichana tu. Hiyo parseli, kiwanja na nyumba, ndugu wa mume wataichukua. Usiseme sikukuambia."

Sikupenda maneno yake. Lakini yameniingia.

Jumanne, 9 Septemba

Yusufu alikuja na mtu wa kupima. Wakapima chumba, halafu wakapima kiwanja chote mpaka barabarani. Chumba ni kimoja. Kwa nini wapime chote?

Niliwasikiliza kutoka ndani. Yule mtu akauliza, "Na mwenyewe?" Yusufu akajibu kwa sauti ya chini, sikusikia. Mwenyewe nani? Mwenyewe yuko humu ndani, amevaa nyeupe.

Mgeni alipoondoka nikauliza. Viatu vikasogea kidogo.

"Ni utaratibu wao, shemeji."

Basi. Viatu vikashuka barazani.

Hamisi alikuwa anagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe kabla ya kuingia. Kila jioni, tangu tulipooana. Nilikuwa namcheka. Mdogo wake naye hukohoa kabla ya kupanda barazani. Si kitu kimoja.

Jumapili, 14 Septemba

Sikulala vizuri. Najiona mbaya. Yusufu ndiye aliyekwenda kuuleta mwili wa kaka yake wakati watu waliogopa barabara ya Cibitoke. Ndiye anayetuletea mchele. Lakini simenti aliyoacha Hamisi ameihamishia kwake. Anasema hapa itaharibika na unyevu. Labda kweli. Labda anajenga kwake.

Kama ningeona uso ningejua. Viatu havisemi kitu. Nimemuuliza Asha, binti yangu mkubwa, uso wa baba yake mdogo ukoje akizungumza nami.

"Ni uso tu, mama."

Mawingu yameanza kukaa juu ya milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa. Turubai halitamaliza mwezi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimetoka eda. Wanawake wa mtaa walinijia, nikaoga, nikavaa kitenge cha kijani. Walikula, wakaomba dua, wakaondoka. Yusufu alituma nyama. Mwenyewe hakuja. Sasa hakuna pazia, na hakuja.

Jumatatu nakwenda zoni. Sitamwambia.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimekwenda.

Yusufu alikuwa pale, kwenye benchi la wanaongoja. Sikuwa nimemuona uso tangu msiba. Amekonda. Ndevu ameziacha ovyo. Alisimama, akakaa tena. Nikampita. Nikamtajia karani parseli yetu.

Karani akachangamka. "Ah, bibi yake Hamisi! Huko Uvira wamemfunga kamba bwana wako? Huyu mdogo wake kila wiki ni yale yale, kaka amesafiri, anarudi. Tunamcheka mpaka naye anacheka. Kiwanja kimeshapimwa, ruhusa iko tayari. Bwana wako aje aweke sahihi yake tu."

Nikageuka. Yusufu alikuwa anaangalia sakafu.

Nikasema, "Mume wangu amekufa. Tangu mwezi wa tano."

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Sijui niliitoa wapi. Karani alivua miwani, akanipa pole. Akasema basi tuanze upya, kwa jina langu na wasichana, na ndugu wa mume atie sahihi kwamba hana pingamizi. Nikangoja nione. Yusufu akatia sahihi hapo hapo. Aliandika jina lake lote, mpaka la babu.

Njiani alitembea nyuma yangu. Ilibidi nisimame.

"Mi waliniuliza siku ya kwanza, mwenyewe yuko wapi," akasema. "Neno likakataa kutoka. Nikasema kaka amesafiri, yuko Uvira. Halafu nikawa napenda kwenda, shemeji. Pale ofisini kaka alikuwa bado yuko safarini. Mahali pamoja tu."

Nimemkasirikia. Wanangu wamelala karibu na barabara miezi yote hii kwa ajili ya hilo. Nimemhurumia pia. Bado simuamini kwa yote. Simenti nitaiangalia mwenyewe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ruhusa ilitoka Alhamisi. Leo mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Simenti imerudi yote. Mfuko mmoja umeganda, kweli kwa unyevu, lakini unyevu wa kwake, si wa hapa.

Mama Zaina alichungulia juu ya ua akauliza parseli ni ya nani sasa. Nimemwambia ya wenyewe.

Fundi alichelewa. Tukaanza kupima msingi, mimi mwisho huu wa kamba, Yusufu mwisho ule. Halafu akasema, "Marehemu alitaka dirisha liangalie uwanja."

Sikujua. Mimi hakuniambia. Nikauliza dirisha kubwa kiasi gani. Akaweka kamba chini, akaonyesha kwa mikono.

Nikatia alama ardhini, pale dirisha litakapokaa. Nikamwambia aokote kamba, aikaze.