Mgongo na Mandazi

Shirleen, nimejifungia kwa choo. Usicheke.

Unajua vile mbwa yetu hurukia watu? Nehemiah, yule polisi wa kufunza mbwa, alinifunza: akileta kelele mgeuzie mgongo, nyamaza mpaka akae, halafu msifu na umpe kitu ya kukula. Mwezi mzima nafanya hivyo. Mbwa bado ni mwehu.

Leo mamake Ouko amefika, akaanza kunifokea ati chai imepoa. Nikamgeuzia mgongo. Mama mkwe, Shirleen! Mgongo!

Akanyamaza. AKAKAA.

Na mimi, na ile sauti ya mbwa: "Mzuri sanaaa!" Nikamwekea mandazi mkononi.

MANDAZI.

Sasa Ouko amekuja kwa mlango wa choo. Nikajua ndoa imeisha.

Ati ananong'ona: "Mama anakaa mpaka Jumapili. Mandazi imebaki ngapi?"