Mama Aliwaambia Polisi "Karibuni Ndani", Sasa Mdogo Wangu Ndiye Aliye Ndani

Mpendwa Bi Vernell,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeegesha basi la shule nyuma ya karakana, maana nyumbani siwezi kushika kalamu bila Mama kuniuliza naandika nini, na kanisani kila mtu ana lake la kusema, kwa hiyo nakuomba wewe unayeshauri watu gazetini unisaidie kabla sijakosana na mtu wa mwisho niliyebaki naye.

Mimi naitwa Renita, ni dereva wa basi la shule katika mji mdogo huku kusini mwa Georgia, naishi na Mama yangu, Earline, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, na mdogo wangu Lavelle analala chumba cha nyuma tangu alipotoka jela. Alifungwa ujanani kwa kuuza bangi, simtetei, alikosa na akalipa, lakini tangu atoke yeye ni kiwanda cha kuku na nyumbani, kiwanda na nyumbani, hata mpira anatazamia kwenye kochi la Mama. Anatoka alfajiri kabla hatujaamka, na Mama akiamka kitu cha kwanza ni kutandika vitanda vyote, hata cha Lavelle ambaye ni jitu zima lenye ndevu, kwa sababu kwa Mama hanywi mtu kahawa kama shuka hazijanyooka.

Sasa asubuhi moja kweupe, mvua inanyesha, Mama alichungulia dirishani akaona mwanaume anapita mtaani anajaribu vitasa vya magari, moja baada ya jingine, likifunguka anaingiza mkono. Akapiga simu polisi. Nakusihi ulishike hilo Bi Vernell, ni sisi tuliowaita. Mimi nilikuwa nimesharudi kutoka kuwapeleka watoto shule, niko jikoni naosha vyombo, nikasikia hodi, wakaja wawili, mmoja mtu mzima, mmoja kijana wa kizungu mwenye madoadoa usoni, na Mama akafungua mlango wa wavu akawaambia, "Karibuni ndani wanangu, msije mkalowa bure. Nina pai ya viazi vitamu imetoka jikoni sasa hivi."

Wakaketi sebuleni, wakala pai, wakanywa chai ya baridi yenye sukari, wakaandika habari za yule mwizi, yule kijana akamwambia Mama, "Bibi, pai hii ni hatari, mke wangu asijue nimeila," na Mama akacheka. Yule mtu mzima akauliza nani mwingine anaishi hapa. Mama akasema, ni mwanangu Lavelle, chumba chake kile kule nyuma. Mtu mzima akaweka sahani chini. "Lavelle yule aliyekuwa ndani?" Akainuka, akaelekea ukumbini, Mama akawa anamfuata nyuma anasema, "Jamani mwanangu, huko nyuma sijatandika kitanda," na yule hakugeuka hata shingo, na mimi pale mlango wa jikoni na sahani inayodondosha maji mkononi nilimwonea Mama huruma, maana unawajua wanawake wa zamani, nyumba inapekuliwa yeye anawaza shuka.

Juu ya kabati la chumba kile wakakuta bastola ya marehemu baba imefungwa kwenye taulo. Ilikuwa hapo tangu baba yu hai na Mama hajawahi kuiondoa, na aliwaambia hivyo, lakini chumba ni cha Lavelle, na sheria inasema mtu aliyewahi kufungwa kwa kosa kubwa haruhusiwi kuwa na silaha. Wakamfuata kiwandani, wakamtoa mbele ya wenzake na aproni yake ya plastiki bado mwilini. Mwizi wa magari hawakumtafuta tena.

Wakili aliyepewa na serikali, Bi Pruitt, binti mwema ila ana kesi nyingi kuliko nywele, alituambia jaji ataamua kwanza kama polisi walipekua kihalali. Kama hawakuwa na ruhusa, bastola haihesabiki na kesi inaanguka. Kama Mama aliwaruhusu, Lavelle anarudi jela na safari hii ni miaka. Akamuuliza Mama, "Uliwakaribisha ndani?" Mama akasema, "Ndiyo. Mvua ilikuwa inanyesha. Ulitaka niwaache walowe?" Binti wa watu akafunga faili.

Binamu yetu Tavares anasema dawa ni rahisi, Mama aseme hakumkaribisha mtu, waliingia kwa nguvu, na mimi niseme hivyohivyo, nani atajua? Mama anasema, "Nikishika Biblia niseme uongo, Jumapili nitamwimbia nani?" Lavelle akapiga simu kutoka mahabusu akamwambia Mama, kwa kelele, "Mama, adabu zako zimenifunga!" Mama akaweka simu chini taratibu. Hajapika pai tangu siku hiyo. Na juzi yule mwizi karudi, Mama kamtazama kupitia pazia mpaka kamaliza mtaa mzima, nikamwambia Mama piga simu, akasema, "Niliwaita mara moja, imetosha."

Kesi ni wiki ijayo na sote wawili tumeitwa kutoa ushahidi. Bi Vernell, nimsukume Mama aseme uongo amwokoe mwanawe? Au niseme mimi peke yangu, dhambi iwe yangu? Mdogo wangu hatarudi tena jela, hilo nimeapa, ila sijui njia.

Wako,
Renita wa Basi la Njano

*

Renita mwanangu,

Marahaba. Futa machozi, kaa wima kwenye hicho kiti cha dereva, unisikilize.

Kwanza, huyo Tavares. Mwambie akafungue duka lake la uongo mbali na nyumba yenu. "Nani atajua?" Ebo! Polisi siku hizi wanatembea na kamera kifuani, mwanangu. Mama yako anasema "karibuni ndani wanangu" na pai inaonekana mezani inatoa mvuke, halafu aende mbele ya jaji aseme walivunja mlango? Watamwonyesha picha yake mwenyewe akikata vipande. Atatoka pale mwongo, nawe mwongo, na Lavelle atarudi jela na familia ya waongo nyuma yake. Njia ya mwongo ni fupi, na hiyo yenu ina urefu wa sebule.

Pili, wewe. Nimekupenda kwa kuapa, lakini nimekukasirikia, tena sana. Umelelewa na nani, Renita? Umekulia katika nyumba ile, umekula pai ile, halafu mama yako anasema maneno mazito kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na wewe umesimama na sahani unamwonea huruma eti anawaza shuka!

Rudi usome barua yako mwenyewe. Umeniandikia kwamba Mama hutandika vitanda vyote kabla ya kahawa, na cha Lavelle kikiwemo. Polisi walikuja ukiwa umesharudi kutoka shule. Kahawa ilishanywewa, pai imeshaiva. Kitanda kilikuwa kimetandikwa! Sasa mwanamke asiyeweza kusema uongo hata kumwokoa mwanawe, kwa nini amwambie polisi kitanda hakijatandikwa?

Kwa sababu alikuwa anamwambia usiingie, mwanangu. Hivyo ndivyo mabibi zetu wanavyosema hapana. Bibi yangu mzaa mama hakumwambia mtu "ondoka" maisha yake yote; alisema, "Nakuona unataka kuwahi kabla ya giza." Hapohapo mgeni alikuwa anatafuta kofia yake. Kwetu huku mtu mweusi wa umri wa mama yako hakufundishwa kumtolea polisi neno hapana likiwa tupu, alifundishwa kulivisha nguo, na unajua vizuri kwa nini. Yule polisi mtu mzima, kama kazaliwa Georgia, alielewa. Alichagua kutosikia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini mgeni aliyekaribishwa sebuleni hajakaribishwa kabatini. Ukinikaribisha kwako nikala pai, nikainuka nikaenda kukupekua chumbani, utaniita nani? Basi.

Sasa sikiliza la kufanya, na lifanye leo, si kesho. Ukishawarudisha watoto wa watu makwao, nenda ofisini kwa Bi Pruitt na Mama. Kama ana kesi nyingi, kaa mlangoni mpaka atoke. Mwambie umeleta neno moja alilolikosa kwa sababu aliuliza swali nusu. Aliuliza kama waliingia kwa ruhusa. Hakuuliza waliruhusiwa kuishia wapi. Mama amweleze yote, kuanzia mvua mpaka taulo, kwa maneno yaleyale. Usimfundishe! Usimrekebishe! Na adai zile picha za kamera za kifuani, sauti ya Mama imo humo, inamfuata yule bwana ukumbini.

Mwendesha mashtaka atamuuliza Mama, "Uliwakaribisha?" Aseme ndiyo. Atamuuliza, "Kitanda kilikuwa kimetandikwa?" Aseme ndiyo, nilikitandika mwenyewe. "Sasa mbona ulisema hakijatandikwa?" Na Mama yako amtazame jaji usoni aseme, "Kwa sababu sikutaka aingie." Kisha anyamaze. Wewe ukiitwa, sema ulichosikia na mahali ulipokuwa umesimama, na hata sahani yako uitaje.

Mimi si wakili na sikuahidi ushindi. Jaji anaweza kusema kwamba "hapana" lazima isikike kuwa hapana, na wapo wanaosema hivyo. Lakini mtakuwa mmepigana mkiwa na ukweli mkononi, na ukweli huo unaweza kukatiwa rufaa. Uongo hauna rufaa.

Tatu, yule mwizi. Earline, najua utaisoma hii, Renita hawezi kukuficha kitu, kwa hiyo nasema nawe dada yangu moja kwa moja. Piga simu. Wale polisi unawalipa kwa kodi yako, na mtaa wako una haki ya kulala salama kama mtaa wa meya. Usikubali kuchagua kati ya kuibiwa na kupekuliwa, hakuna mwenye haki ya kukupa mtihani huo. Ila wakija, vaa koti, toka barazani, vuta mlango nyuma yako mpaka usikie umejifunga. Pai wapelekee hukohuko nje, baraza lina paa, hawatalowa. Wakiuliza, "Tunaweza kutazama ndani?" waambie, "Hapana, mwanangu." Hiyo "mwanangu" ibakishe, adabu si kosa na haijamfunga mtu. Lakini hapana itangulie, tena ikiwa uchi. Ifanyie mazoezi jikoni. Utajisikia mtovu wa adabu siku mbili tatu, halafu utazoea.

Na wewe Lavelle, maana gazeti linafika hata huko. Mama yako alisimama ukumbini peke yake, kizee mwenye aproni, akimfuata mtu mwenye bunduki ili akulindie chumba chako kwa silaha pekee aliyofundishwa. Nawe ukampigia kelele. Simu ijayo anza na samahani, mengine yafuate.

Renita, ukimaliza kesi niandikie, mkishinda au mkishindwa. Na siku mdogo wako atakapoingia kwa mlango ule, Mama apike pai, wewe umimine chai, mle mpaka mshibe. Lakini asubuhi yake, kitanda kile asikiguse mtu. Akitandike mwenyewe.

Bi Vernell