Mlima wa Napoli Hauko Mgongoni

Papa,

Ulikosea. Naanza na hilo kwa sababu nikiliweka mwisho nitakuwa nimeshalia kabla ya kulifikia, na wewe hukupenda mtu akuzungushe. Mlima wa Napoli hauko mgongoni. Ukiitazama bahari, uko mkono wa kushoto, ng'ambo ya maji, na plani yetu yote ya kutembea ule mji imelala kiubavu.

Niligundua Jumanne, wiki moja baada ya kuondoa matanga. Nilikuwa nimekaa uani kwetu Kyeshero, hapa Goma, juu ya lile rundo la mawe ulilokataza watu wasiliguse, daftari lako likiwa magotini na simu mkononi. Nilitaka kujua tu kutoka stesheni ya treni mpaka baharini ni mwendo wa dakika ngapi. Ulikuwa umenikataza kuangalia ramani za simu. Ulisema mtu akishaona kila kitu kwenye kioo, atakwenda kufanya nini huko. Nilikutii ulipokuwa hai. Sasa hupo, nikaangalia. Nikaigeuza simu, nikaligeuza daftari, nikageuka na mimi mwenyewe. Kisha nikacheka peke yangu hadi Mama akatoka jikoni kuuliza kama niko salama.

Kosa lenyewe ni la mtu wa Goma kabisa. Kile kitabu cha Kifaransa ulichopewa na padri wa parokia kilikuwa kimenyofolewa ukurasa wa ramani, nawe ukaamua kuichora mwenyewe. Kitabu kilisema kuna mji wa kale, kuna volkano, kuna maji. Hukuhitaji zaidi. Hapa kwetu volkano ya Nyiragongo iko nyuma na ziwa liko mbele, na mtu akiuliza njia tunamwambia apande mlimani au ateremke ziwani. Basi ukaibeba Goma nzima ukaiweka Italia. Kwenye ukurasa wa kwanza umeandika, kwa zile herufi zako kubwa za fundi: "Masika, ukitoka mu stesheni, mulima iko mu mugongo. Tembea mbele tu, utafika ku maji. Mutu hawezi potea."

Papa, mtu atapotea. Nimefuata maelezo yako kwa kidole. Ukiuweka mlima mgongoni pale stesheni, unaingia mji wa kale, sawa. Unapita ile njia ndefu iliyonyooka inayoukata mji vipande viwili, sawa. Halafu badala ya maji unakutana na kilima kirefu chenye ngome juu yake, na bahari imebaki kushoto, inakungoja bure. Tungefika pale na viatu vyetu vya misa, jasho linatutoka, na wewe ungewaambia wenyeji kwamba wameweka bahari yao vibaya. Najua ungewaambia.

Kinachoniuma ni kwamba tulifanya mazoezi. Jumapili ngapi, baada ya misa, tulipanda pikipiki mpaka mtaa wa Majengo na kuteremka kwa miguu hadi ziwani, mimi na wewe, tukijifanya tuko Napoli. Kwenye kituo cha mafuta ulikuwa unavua kofia na kunong'ona kwamba hapa ni kanisa kubwa, tuingie, tukae dakika kumi, tusiongee. Pale kwa wauza makaa palikuwa soko. Wale mama wa sambaza, wauza dagaa wa ziwani, walikupa jina la Papa Napoli na walikuwa wanakuuliza kama huko wanakula ugali. Ulikuwa unakagua barabara, unainama, unagusa jiwe kwa kidole gumba. Na kila Jumapili tulifika ziwani bila kupotea, kwa hiyo wewe ukaamini plani imethibitishwa.

Sikuwahi kukuuliza kwa nini Napoli, maana nilijua. Ulipotoka Butembo, mimi nikiwa bado nabebwa, ulikuta nusu ya mji imefunikwa na lava, na watu wakubwa wanasema redioni kwamba Goma ihamishwe. Ukachukua nyundo ukaanza kukata ile lava na kujenga kuta. Miaka yote umewajengea watu nyumba kwa jiwe lilelile lililowabomolea. Halafu unakuja kusoma kwenye kitabu, kwa taa ya simu ya vibonye, kwamba kuna mji Ulaya umekaa karibu na volkano tangu zamani sana, na barabara zake zimetandikwa mawe ya volkano, na watu wazima wanalipa ili wakayakanyage. Siku tatu hukuongea habari nyingine. Ulitaka kuona mafundi wenzako walikata vipi, walipanga vipi, kona walizimaliza namna gani. Ulitaka siku moja tu ya kutembea, asubuhi mpaka jioni, na kurudi.

Ndiyo maana ile siku ya viza bado sijaisamehe. Bado tulikuwa tunaweza kupanda ndege hapa hapa Goma. Ulivaa koti la harusi yako. Yule mama wa dirishani, pale wanapopokea maombi ya viza, alikuuliza sababu ya safari, nawe ukasema: "Naenda kutembea tu, mama. Nikimaliza, ninarudia kwangu." Akakuangalia, akaangalia kwenye fomu pahali ulipozaliwa, akaangalia pahali unapokaa. Aliuliza tena, labda alidhani hukusikia. Ukarudia neno lilelile. Karatasi ya kukataa ilisema hatukuonyesha kwamba tuna nia ya kurudi. Ulikaa nayo barazani ukaisoma mara mbili, halafu ukaikunja vizuri ukaiweka ndani ya daftari, ukurasa wa mwisho, baada ya bahari.

Wewe hukulalamika. Mimi nalalamika, Papa, niache nilalamike. Kumbe mtu wa kwetu akivuka mpaka lazima awe anakimbia, au anasoma, au anauza kitu. Akisema anakwenda kuangalia majengo mazuri na kunywa kahawa amesimama, hakuna anayemwamini, hata wa nyumbani kwake.

Hata wa nyumbani kwake. Sasa nakuambia ya matanga. Tulipomaliza kula, Papa mdogo Kambale, mdogo wako, aliwaita wakubwa wa ukoo sebuleni, wakanikalisha katikati. Nilidhani wanataka kugawa nguo zako. Kumbe walikuwa wameshakubaliana. Watanisaidia safari, wote, hata wale wa Beni, na kuna mtu mjini anayetengeneza dosie, yale makaratasi ya viza, ataniandikia kwamba nimealikwa kwenye semina. Nikikataliwa, kuna hadithi ya pili, kwamba mimi ni mkimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya na nyumba yetu imechomwa. Sharti ni moja. Papa mdogo alilisema taratibu, kwa upendo, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi: "Ukifika kule, usirudiye huku. Huku kuko nini tena?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona naye anataka niende nisirudi, kwa sababu amechoka kuogopa. Nilikaribia kukubali, Papa. Sikufichi. Usiku ule wa Januari tuliolala chini ya kitanda, vita ikiingia mjini, mimi pia nilijiuliza huku kuna nini.

Lakini nilifikiri juu ya wale waliokaa kambini kweli, mvua inawanyeshea juu ya mawe makali, halafu mimi nichukue taabu yao niivae kama koti la kuazima. Nikafikiri pia juu yako, pale dirishani. Ulikuwa na nafasi ya kudanganya na ukaikataa mbele yangu. Nikasimama, nikawashukuru wakubwa wote, nikasema: "Mimi naenda kutembea. Nitarudi. Kama musaada ni ya kunifukuza, mubaki nayo."

Papa mdogo hajaongea nami tangu siku hiyo. Shangazi anasema nimeota kiburi cha baba yangu. Nimelipokea hilo kama urithi, maana nguo zako ziligawanywa kweli na mimi sikupata hata shati.

Sasa sikia nilivyofanya. Plani nimeitengeneza upya. Sikufuta hata mstari wako mmoja, nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu, kama ulivyokuwa unanisahihishia vipimo. Kutoka stesheni unaingia mji wa kale, kanisa kubwa linabaki palepale, dakika kumi za kukaa kimya zinabaki palepale. Ukitoka kwenye ile njia iliyonyooka, unakata kushoto mapema, unateremka mpaka bandarini, unafuata maji hadi ile ngome ya ufukweni. Nimeongeza kituo kimoja ambacho hukukiweka, cha kuvua viatu na kupumzisha miguu, kwa sababu wewe ulipanga safari kama vile hakuna mtu anayechoka.

Dosie nimeiandika mwenyewe, bila mtu wa mjini. Uwanja wa ndege ungali umefungwa tangu vita ile, kwa hiyo nitavuka mpaka kwa miguu na kupandia ndege Kigali. Nitalipa kwa kazi ya mikono yangu, itachukua muda, haidhuru. Kwenye sababu ya safari nimeandika kutembea. Wameuliza kitu gani kitanirudisha. Nimeambatisha picha ya ule ukuta wa shule ya Munigi, ule uliokuwa unaupanga siku presha ilipokuangusha. Nimeumaliza upande wa barabara. Upande wa pili nimefikisha kifuani, nimeweka kamba ya kupimia, na nimewaambia walimu kwamba utamalizwa wiki nitakayorudi, na asiumalize mtu mwingine. Walimu walicheka, lakini wakatia sahihi na muhuri.

Wanaweza kukataa tena. Wakikataa nitaandika tena, neno lilelile, mpaka yule mama wa dirishani alijue kwa moyo. Siendi kumwomba mtu pahali pa kukaa. Pa kukaa ninapo.

Pumzika, Papa. Usinihangaikie na usiwasumbue watu wa huko kwa habari za mawe. Nakuahidi mambo mawili: nitautembea ule mji wote kwa miguu yangu, na nitalala kitandani kwangu Goma nikiwa nimechoka.

Binti yako na fundi wako,
Masika