Fundi wa Printa ni Baba Yako

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Barua yako ya kuomba kazi iko chini ya sahani. Ipeleke kabla ya saa sita, leo ndiyo mwisho.

~~Nimeitengeneza printa.~~ Hapana, sijatengeneza kitu. Wiki nzima naisema vibaya laptopu yako ya Linux kwamba haijui kuchapisha, nakwambia ununue kompyuta ya watu wazima, ya Windows kama yangu. Kumbe printa imeunganishwa kwenye kompyuta yangu, na yako lazima ipitie kwangu kuifikia. Nami kila nikimaliza kazi naizima kompyuta, nachomoa waya ukutani, nafunika kitambaa, kisha nakucheka.

Leo asubuhi nimeisahau kompyuta ikiwaka, nikaenda kuoga. Laptopu yako ilikuwa wazi mezani. Kutoka bafuni, nakuta printa inatapika karatasi zako zote zilizokuwa zikisubiri: barua ileile mara sita, halafu ukurasa mmoja wa herufi kubwa, "BABA, TAFADHALI USIZIME KOMPYUTA YAKO."

Nimeiacha inawaka. Mama yako akitaka kuizima, mwambie fundi amekataza.

Baba

Nimekuandikia nyuma ya ukurasa wako huo wa herufi kubwa; geuza uone tarehe. Uliniambia tangu Jumanne.